Mwenye Gobori wa Safari ya Chumvi

Kwanza nilitaje gobori, maana mwenyewe alipenda litajwe kwanza. Ukimwamkia asubuhi, "Mwangaluka, baba," anaitika vizuri, kisha anakukazia macho mpaka uulizie na hali ya gobori. Usipouliza, ananuna. Lilikuwa gobori la kushindilia mdomoni, refu kumshinda mkewe, kitako kimevishwa ngozi ya ng'ombe pale kilipopasuka. Ruhusa yake ya bomani Maswa aliihifadhi ndani ya pembe. Kijijini kwetu, upande huu wa Lalago, hakuna mwingine aliyekuwa na bunduki inayotambuliwa na serikali. Basi tukamwita Mwenye Gobori, wakubwa kwa wadogo, na jina alilopewa na wazazi wake mimi nimelisahau kwa makusudi.

Nasema kwa makusudi. Mniache na ubaya wangu kidogo, nina sababu.

Kwake na kwangu palitengwa na ua wa minyaa tu. Baruti yake ikipata unyevu aliianika kwenye ungo, bega kwa bega na mtama wangu, akaketi na fimbo kufukuza kuku wangu. Siku moja kuku mmoja alidonoa ile baruti. Lo! Mzee alimfuata yule kuku kutwa nzima kama anayefuata mwizi, akanikataza nisimchinje, na nikimchinja nisimsogeze karibu na moto. Masunga, mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Tulimpika jioni ile ile. Mwenye Gobori alikuja kusimama upande wa pili wa minyaa, amejikinga na mlango wa zizi, anasubiri chungu kipasuke. Hakikupasuka. Tukampelekea paja, akalinusa kwanza, ndipo akala.

Na sasa niwaambie jambo ambalo kila mtu alilijua: kulenga alikuwa hajui. Kanga walitua shambani kwake mchana kweupe, akapiga, wakaruka wote na manyoya yao. Fisi aliingia zizini kwa jirani, Mwenye Gobori akaitwa, akapiga kutoka mlangoni, akavunja mtungi wa maji. Yule fisi aliondoka kwa kutembea, hata mbio hakupiga. Wanaume walimtania kilabuni, naye hakukasirika. Alijibu jambo moja siku zote.

"Gobori langu si la kuua. Ni la kusema tupo."

Na hilo ndilo lililotakiwa. Kila kiangazi, pamba ikishavunwa, wanaume wa kwetu walikwenda na punda ziwa Eyasi kuchota chumvi. Msiniambie chumvi ya dukani ilikuwapo; najua ilikuwapo, Lalago kwa Mhindi ilijaa magunia. Lakini mwanamume ambaye hajafika ziwani kwa miguu yake alionekana bado. Hata kikao cha mifugo alikaa nyuma. Na njia ile ilikuwa pori tupu, hakuna nyumba, hakuna moshi wa mtu. Simba wapo, faru wapo, na watu wanaotamani punda wa wenzao wapo. Jioni msafara unakata miiba, unazungusha boma, unalala katikati na punda. Mwenye gobori analala mlangoni pa miiba. Usiku au alfajiri kitu kikisogea, anapiga, dunia inajua tupo, kitu kinakwenda zake. Miaka yote ile hakupotea punda hata mmoja. Wake walilala usingizi kwa sababu yake, na mimi nilikuwa mmoja wao, nikilala kwa ajili ya kaka zangu.

Sheria za kambi alizitoa uani kwangu, kwa kuwa uani kwangu palikuwa papana. Nilizisikia mwaka baada ya mwaka, ningeweza kuzisema mimi. Gobori hulazwa miguuni, halilazwi kichwani. Hakuna kuliruka. Fataki, ile ya kuwasha baruti, inakaa kwenye pindo la kofia yake mpaka jua litue. Pombe ni marufuku mpaka warudi. Na ile kubwa kuliko zote: anayetoka nje ya miiba, iwe haja ndogo au haja kubwa, akirudi aite jina lake na jina la ukoo wake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Aliwafanyisha mazoezi. Wanaume wazima na ndevu zao walisimama mmoja mmoja kwenye minyaa yangu, wakapaza sauti majina yao, naye ameketi kwenye kigoda, ameelekeza sikio moja. Anatikisa kichwa.

"Sijasikia. Tena."

Wanapiga kelele mpaka mbuzi wangu wanakimbia, naye bado anasema tena. Tulidhani ni ukali. Tulimsifu kwa ule ukali.

Alikuwa na mbwa, mfupi, wa rangi ya udongo, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa. Yule mbwa hakutoka kwenye goti lake. Watu waliosafiri naye walisema kambini mzee hatazami porini, anatazama mbwa. Mbwa akiinua sikio, naye anainua gobori. Mbwa akilala, naye anatulia. Wakati wa masika nyoka akamgonga yule mbwa kwenye shamba la mihogo. Mwenye Gobori alimchimbia kaburi, akanyoa nywele, akakaa ndani hata uji hataki. Kaka yake alipokufa hakufanya hivyo. Kijiji kizima kilicheka. Mkewe alikuja kwangu kuona aibu kwa niaba yake, akaniambia, "Mama Nkwabi, huyu mwanamume anamlilia mbwa kama amepotewa na macho." Nami nikacheka. Tulikuwa na vicheko vingi siku zile.

Kiangazi kilichofuata, Masunga naye akatia nia. Alikuwa amechelewa, miaka ambayo wenzake walikwenda ziwani, yeye alikuwa migodini Geita. Amerudi, ameoa, ana mtoto mgongoni kwa mama yake, na kwenye vikao bado anakaa nyuma na vijana. Ilimchoma. Nikamsagia unga, nikamshonea mifuko ya ngozi, nikamwambia aende akaimalize hiyo habari.

Sasa safari ya chumvi ina mwiko wake, na huo hautoki kwa mwenye gobori, unatoka kwa mkuu wa msafara. Anayekwenda mara ya kwanza, akishauona weupe wa ziwa kwa mbali, anafunga mdomo. Hasemi, haimbi, hapigi mluzi, hata akiumwa na siafu. Anakaa hivyo mpaka aongozwe hadi ukingoni, mkongwe amwekee chumvi ulimini kwa mkono wake. Akivunja mwiko, ziwa linaficha chumvi, msafara wote unarudi na mifuko mitupu. Hakuna mwanamume wa kwetu aliyekuwa tayari kuwa huyo.

Kwa hiyo mmeshaona. Sheria ya gobori inasema ita. Sheria ya chumvi inasema nyamaza. Miaka yote wageni wa ziwa walikuwa vijana, wanalala katikati, wanatoka na wakubwa wao, hawakuachwa peke yao hata kukojoa. Masunga alikuwa mtu mzima. Nani amshike mkono mtu mwenye mtoto?

Walipiga kambi ya mwisho mahali ziwa linapoonekana. Wageni wakafunga midomo. Alfajiri upepo ulivuma kutoka kule, umebeba vumbi jeupe, hakuna anayemwona mwenzake. Masunga alitoka nje ya miiba. Aliporudi, gobori likasema tupo. Mtu aliyemkosa fisi ndani ya zizi, siku ile hakukosa.

Walimzika huko huko, wakaweka mawe. Na walirudi na chumvi. Nataka mlijue hilo. Waliingia kijijini na punda wamejaa, na punda wa Masunga naye amebeba, wakanishushia mifuko mlangoni, kisha ndiyo mmoja akanishika mkono anikalishe. Nililia mpaka maziwa yakakauka, Nkwabi wetu akaanza kunyonyeshwa na mke wa shemeji yangu.

Baraza lilikaa kwa mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji. Wanaume walisimulia, wote mamoja: upepo, vumbi, hakuna jina lililosikika. Mkuu wa msafara alisema mgeni wa ziwa hakupaswa kutoka peke yake. Mwanangwa akamgeukia Mwenye Gobori, akamuuliza kwa upole, "Mzee, alitoa ishara yoyote?"

Akajibu, "Ndiyo, nilikuwa nimeshindilia tangu jioni."

Akaulizwa kama Masunga alizijua sheria. Akajibu kwamba upepo ulikuwa mkali. Watu wakatazamana kwa huruma. Wakasema majonzi yamemvuruga mzee wa watu, asisumbuliwe zaidi. Wakakata shauri: marehemu hakuita, sheria aliijua, basi uzembe ni wake mwenyewe.

Uzembe ni wake. Maneno hayo ndiyo niliyobaki nayo. Sikutaka ng'ombe wa mtu, wala sikutaka mzee afungwe. Nilitaka mume wangu asiitwe mzembe, basi. Masunga alikuwa mtu wa kukaza kamba mara mbili. Alikuwa akitoka kwenda kisimani anarudi kuhakikisha mlango umefungwa. Mtu huyo atoke nje ya miiba, arudi kimya kimya kama mbuzi? Nilimwambia kila aliyenisikiliza. Walinisikiliza mwanzoni.

Baba mkwe ndiye aliyenimaliza. Alikuwa mtu wa heshima, na ile habari ya mwanawe kufa kwa uzembe mbele ya wanaume wa ukoo mwingine ilimkaa rohoni vibaya. Akakataza jina la Masunga lisitajwe kwake, na asipewe mtoto yeyote atakayezaliwa katika ukoo. Kwetu mtu huyo amefutwa. Hana atakayeliitikia jina lake. Nilipiga magoti mlangoni kwake mbele ya wake zake. Akapita pembeni yangu akaenda machungani.

Na Nkwabi alipoanza kuchunga, watoto wenzake walimngoja kwenye lambo. Akifika na ndama wake, wanamzuia. "Ita jina! Ita jina tusije tukakupiga risasi!" Mtoto anaita jina lake na la ukoo wake, analia, ndipo ndama wanakunywa. Alikuwa akirudi sauti imemkauka. Nilimuuliza mara moja tu, kisha sikuuliza tena.

Mwenye Gobori je? Alitundika gobori lake ukutani, akaapa halitashuka. Kiangazi kilipofika wanaume wakamwendea, wakamsihi, nani atawalinda? Akalishusha. Ndiyo, alilishusha, na wake za watu walimpikia. Ila alileta sheria mpya: anayetoka nje ya miiba abebe kijinga cha moto, na akirudi akipunge juu ya kichwa. Asipunge, asirudi. Wote wakasema mzee ana busara. Mimi niliposikia niliingia ndani nikauma kanga yangu. Kijinga cha moto! Kilikuwa kizito kiasi gani kukifikiria mwaka mmoja mapema?

Kila aliporudi safari aliniletea chumvi. Hakubisha hodi. Nilifungua mlango asubuhi nikaikuta imefungwa kwenye majani makavu, bonge jeupe, safi, ile ya katikati ya ziwa ambayo wanaume huwabakizia mama zao. Niliwapa mbuzi. Mimi nilikula ya dukani, na mpaka leo nakula ya dukani.

Lakini hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinitesa kuliko angekuwa mbaya. Nkwabi alipopata homa, degedege juu, wanaume wote wako mashamba ya pamba, yeye ndiye aliyemnyakua mikononi mwangu akamweka begani, akatimua mbio kuelekea zahanati ya misheni, mvua inapiga. Nilimkimbilia nyuma nikimwita asimame, nimfunike mtoto na kanga, asimame! Hakugeuka hata kichwa. Mtoto akapona. Nikasema moyoni, ameniua mume, sasa ameniokolea mwana, na bado ni mwenye kiburi kiasi hicho, hata kuitwa haitiki. Sikumshukuru. Ningeshukuruje? Nilikaa kwenye benchi la zahanati nimemtazama akitiririka maji, ananitabasamia, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Alikuwa na mambo yake mengine. Alipenda kukaa peke yake na watoto wadogo wasiojua kusema, akiwachongea ng'ombe wa udongo. Kanisani aliimba wimbo ambao wenzake walikuwa wameshaumaliza, na watu wakaona ni moyo wa ibada. Kwenye vikao hakuchangia, alitikisa kichwa tu, akapata sifa ya mtu anayepima maneno. Mkewe alipofariki aliacha kabisa kutembelea watu. Kijiji kikasema ni Masunga anayemsumbua. Mimi nikasema ndani kwa ndani, amsumbue vizuri.

Mara ya mwisho nilimwona Lalago, kwenye mizani ya pamba.

Ilikuwa msimu wa kuuza, foleni imetoka mlangoni mpaka barabarani, kila mtu ameketi juu ya furushi lake. Kijiji chetu chote tulikuwa mahali pamoja. Baba mkwe alikuwa mbele yangu, amenipa mgongo kama kawaida yake. Nkwabi alikuwa ameegemea furushi letu, ameanza kufanana na baba yake kwenye mabega. Mke wa shemeji yangu, yule aliyemnyonyesha, alikuwa amekaa kivulini, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia.

Mwenye Gobori alikuja na fimbo. Gobori walikuwa wameshalirudisha bomani, kaonekana mzee mno. Akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya furushi langu bila kuomba. Sikumsalimia. Akamtazama Nkwabi, akamtazama sana, midomo ikaanza kumcheza. Halafu akaniinamia. Akaweka kiganja pembeni ya mdomo, kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake siri kanisani.

Sauti iliyomtoka ni ile ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mama Nkwabi, mwanangu, nina neno nitakufa nalo," alisema. "Mumeo aliniuliza. Pale uani kwako, wenzake walipokwisha kutawanyika. Akaniambia, mzee, sisi tutakaofunga mdomo tutaitaje? Nikamwambia, piga makofi. Ukikaribia miiba piga makofi, mimi nitasikia."

Watu waligeuka. Karani wa mizani akaacha mkono juu ya chuma. Mzee alikuwa ananitazama mimi tu, uso umenisogelea, na machozi yanashuka kwenye makunyanzi.

"Sikuwa nasikia, mwanangu. Gobori lilikuwa limeyamaliza masikio yangu zamani. Mbwa ndiye aliyekuwa ananisikilizia. Alipokufa ningesema, lakini ningewaambiaje watu kwamba wanalindwa na kiziwi? Nikaenda hivyo hivyo. Barazani waliniuliza maneno nisijue wameuliza nini, nikajibu tu. Hawakuniuliza tena, nami nikanyamaza. Kama mumeo alipiga makofi au hakupiga, sijui. Lakini wewe unamjua. Alikuwa mtu wa kushika alichoambiwa."

Ningeweza kumziba mdomo. Mkono wangu ulikuwa karibu. Ningeweza hata kumgusa goti akaelewa. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, neno kwa neno.

Alipomaliza akanishika kiganja.

"Usimwambie mtu," alisema, kwa sauti ile ile, foleni nzima ikasikia. "Niachie heshima yangu mpaka nife."

Nikatikisa kichwa kwamba sitamwambia mtu.

Baba mkwe alikuwa amesimama. Alitugeukia, kofia mkononi. Alimtazama mke wa shemeji yangu pale kivulini, akamtazama tumboni. "Masunga," akasema. "Akiwa wa kiume, ni Masunga." Sauti ilikuwa ndogo, lakini tulimsikia wote, isipokuwa mmoja. Nkwabi alikuwa amekaa, anatazama viganja vyake viwili.

Mwenye Gobori ndiyo akainua macho. Akaona kijiji kizima kimemkodolea, akababaika, akajifuta uso haraka haraka kwa upande wa mkono.

"Wanatazama nini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha mizani kwa kidevu. Akaitazama, akaridhika, akaniuliza kama pamba yangu mwaka huu ilikuwa safi.